Tulimpeleka mzee kupimwa kama bado anaweza kuendesha: mguu ulikuwa mzima, kushoto ndo hakukuwepo

Naandika kwa yeyote mwenye mzazi huku Uingereza aliyepata kiharusi na kila siku anauliza ufunguo wa gari uko wapi. Mimi nilipokuwa natafuta nilikosa kabisa mtu aliyeeleza kwa Kiswahili hivi vituo vya kupima madereva vikoje, nikaingia kichwa kichwa, kwahiyo nasema yote nilivyoyaona, yaliyonifurahisha na yaliyoniudhi. Jina la kituo siliweki, viko vingi nchi nzima na utaratibu wao unakaribiana, wewe utaangukia kilicho karibu na kwako.

Kwanza mzee mwenyewe. Baba ni dereva tangu naijua dunia. Unguja aliendesha gari ya abiria njia ya Makunduchi, alipokuja huku akabeba mizigo kwa van halafu akaingia teksi, miaka yote hiyo gari ndo iliyotulisha na kutusomesha. Mwaka jana mwezi wa Shaaban mama akamkuta asubuhi kakaa kitandani, mkono wa kushoto hauinuki na mdomo umeenda upande. Ambulensi ikaja haraka alhamdulillah, akalazwa wiki tatu. Kiharusi kilipiga ubongo upande wa kulia, na ubongo unaendesha mwili kwa kupishana, wa kulia unashika kushoto, ndo mana mkono na mguu uliolegea ni wa kushoto.

Sheria ya huku iko hivi: ukipata kiharusi huendeshi gari mwezi mmoja, hata kama unajiona mzima. Mwezi ukiisha, ikiwa kimebaki kitu kinachogusa uendeshaji, mkono, mguu, macho, akili kuchelewa, lazima uwaarifu DVLA, wale watu wa leseni walioko Swansea. Leseni ya basi na lori ni mwaka mzima, na halmashauri nyingi dereva wa teksi wanampima kwa kiwango hikohiko cha basi na lori. Kwahiyo teksi tulijua imesimama. Ugomvi ulikuwa kwenye gari yake ya nyumbani.

Na ugomvi ulikuwa mkubwa kweli. Mama anasema haendeshi, basi. Kaka yangu anasema tusubiri mguu upate nguvu. Baba akawa na jawabu moja tu: "Breki nakanyaga na mguu wa kulia. Wa kulia una nini?" Na ni kweli, wa kulia ulikuwa hauna kitu. Siku moja kaka akaja na lile jaribio la rula, mmoja anaishika juu, mwengine anaweka vidole chini kwenye sifuri bila kugusa, ukiachia ghafla yeye aidake, halafu unasoma ameidakia sentimita ngapi. Baba kwa mkono wa kulia akaidaka kwenye 18. Ukipiga hesabu ya kitu kinavyoanguka hiyo ni kama sekunde 0.19. Kaka yangu mwenye miaka 34 akaidakia 22. Tukanyamaza wote.

Macho nayo yakaonekana mazima. Huku unatakiwa usome namba ya gari ukiwa mita 20, kwa miwani kama unavaa, baba alikuwa anazisoma za mtaa mzima kama anatusomea barua. Akapelekwa pia kupimwa upana wa kuona, unaweka kidevu kwenye mashine, unatazama mbele, na kila ukiona kitaa kidogo pembeni unabonyeza. Inatakiwa uone upana usiopungua nyuzi 120, angalau 50 kila upande. Akapita. Sasa mtu mguu mzima, mkono mwepesi, macho yanaona, kwa sababu ipi unamnyima ufunguo? Mimi mwenyewe nikaanza kumtetea.

Kulikuwa na mambo mawili nyumbani ambayo hakuna aliyeyaunganisha. La kwanza sahani. Mama akimpakulia pilau baba anakula nusu, anasema limekwisha, na kwenye sahani kumebaki nusu nzima, tena imekatwa kama kwa kisu, upande wa kushoto. Mama akawa analia chumbani anasema mume wangu hana hamu tena ya chakula changu. La pili ni msahafu. Baba akisoma baada ya alfajiri alikuwa anaruka kutoka mstari mmoja kwenda wa pili kabla haujaisha, na Kiarabu mstari unamalizikia kushoto, lakini sura nyingi anazihifadhi tangu chuoni kwahiyo alikuwa anajazia kwa moyo na sisi hatukusikia kosa. Akifika sura asiyoihifadhi anafunga kitabu anasema kachoka.

Basi tukaomba nafasi kituoni. Ukipelekwa na DVLA wenyewe hulipi, sisi tulijipeleka kabla ya barua yao kuja, tukalipa pauni 130. Kusubiri wiki saba. Kituo kiko mbali, treni mbili na teksi, na hilo ni lawama yangu ya mwanzo, mana watu wanaokwenda pale ni watu ambao hawaruhusiwi kuendesha, sasa unawekaje pahala pasipofika basi?

Siku yenyewe inachukua kama saa tatu. Wanakuwa wawili, mmoja mwalimu wa kuendesha, mwengine mtaalamu wa hospitali, wale wanaomfundisha mgonjwa kurudia shughuli zake, kuvaa, kupika, kuandika. Huyu alikuwa mama wa makamo, mpole, na kitu kimoja nilimpendea kuanzia dakika ya kwanza: alizungumza na baba. Hospitali walikuwa wananitazama mimi wanauliza "anajisikiaje", kama kwamba mwenyewe hayupo kwenye kiti. Huyu alimtazama baba usoni akamuuliza umeendesha gari gani katika maisha yako, baba akaanza na ile ya Makunduchi, akaachwa aseme mpaka akamaliza.

Kipimo cha kwanza ni karatasi. Imejaa vitone, vimekusanywa kwa mafungu, mengine vitone vitatu, mengine vinne, mengine vitano, safu kwa safu ukurasa mzima. Unaambiwa kata mafungu yenye vinne tu. Yeye anashika saa. Baba alianza vizuri, kalamu inakwenda, akakata, akakata, akaweka kalamu chini akasema tayari. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake na nikaona. Kulia kote kumekatwa safi hata kosa hakuna, katikati kumeanza kupungua, na kushoto karatasi nyeupe kama ilivyotoka kwenye mashine.

Yule mama hakusema amekosea. Aliichukua karatasi akaizungusha juu ikawa chini, kwahiyo yale mafungu yaliyoachwa yakaja upande wa kulia wa baba. Baba akayatazama muda mrefu. Akaniambia kwa Kiswahili, "Haya hayakuwepo." Nikamwambia yalikuwepo baba. Akaigusa ile karatasi kwa kidole, akairudisha ilivyokuwa, akaizungusha tena mwenyewe, halafu akakaa kimya. Sijawahi kumuona baba yangu vile na natamani sana mtu angekuwa amenitayarisha.

Kisha akamfanyia jaribio la vidole. Amekaa mbele yake, anainua mikono miwili pembeni, akichezesha kidole cha upande wa kushoto wa baba peke yake, baba anasema kushoto. Akichezesha cha kulia anasema kulia. Akichezesha vyote viwili pamoja, baba anasema kulia. Mara nne, kulia, kulia, kulia, kulia. Hapo ndo nikafahamu kwanini ile mashine ya vitaa alipita: pale kitaa kinakuja kimoja kimoja, hakuna cha kushindana nacho. Jicho linaona. Ubongo ndo ulioacha kuuhesabu upande wa kushoto pakiwa na kitu kingine cha kutazama upande wa pili, na barabara ndo pahala ambapo daima pana kitu upande wa pili.

Baada ya chai wakamkalisha kwenye kile kifaa cha breki. Ni kama nusu ya gari, kiti, usukani, pedeli, na taa mbele. Unakanyaga mafuta, taa nyekundu ikiwaka unahamisha mguu kwenye breki upesi uwezavyo, kompyuta inaandika. Wanarudia mara nyingi wanachukua wastani, wanapima na nguvu ya kukanyaga. Wastani wa baba ulikuwa sekunde 0.58. Mwalimu akatueleza maana yake kwa mita, na hii ilinikaa kuliko namba. Ukiwa kwenye maili 30 kwa saa, ambayo ni kama kilomita 48, gari inakwenda zaidi ya mita 13 kila sekunde. Kitabu cha sheria za barabarani cha huku kinahesabu kwamba kwa spidi hiyo gari itatembea mita 9 kabla hujakanyaga, halafu mita 14 za breki, jumla 23. Kwa ile 0.58 baba anatumia kama mita 8 kasoro kidogo. Yaani yuko ndani ya hesabu ya kitabu na mgonjwa vilevile.

Baba akanigeukia na ule uso wa "si nimekwambia". Na mwalimu akamwambia kwa heshima kabisa, mguu wako hauna tatizo na ulikuwa na haki kusema hivyo. Lakini hiyo saa inaanza kuhesabu jicho likishakipata kitu. Pale tulikupa taa moja, mbele yako, na ulikuwa unaisubiri.

Halafu wakampeleka kwenye ubao. Ni ubao mkubwa wa ukutani, umejaa vitufe vya taa, kinawaka kimoja popote unakipiga, kinawaka chengine. Katikati pana namba zinabadilika na unatakiwa uzisome kwa sauti huku unapiga taa, ili macho yasipate raha ya kuzunguka tu. Taa za kulia baba alikuwa anazipiga chini ya sekunde moja. Za kushoto juu sekunde mbili, tatu. Za kushoto chini zikawaka mpaka zikazima zenyewe, na yeye amesimama anangojea taa, anauliza mashine imeharibika? Mtu yuleyule, mkono uleule wa kulia uliodaka rula kwenye 18.

Nyumbani tulibishana miezi mitatu juu ya kitu ambacho sicho. Sisi tulikuwa tunapima wepesi, na wepesi anao. Hatukumpima kama anatafuta. Nilikuja kusoma baadaye kwamba mwaka 1972 Marekani watafiti wawili, Mourant na Rockwell, waliyafuatilia macho ya madereva njiani kwa kifaa, wakakuta wanaojifunza wanatazama karibu na pua ya gari na sehemu finyu, na wazoefu wanatupa macho mbali, pembeni, kwenye vioo, wanarudi. Baba alikuwa na hiyo tabia ya kizoefu miaka arobaini. Kiharusi kilimkatia nusu yake bila kumuarifu. Na huku kama Zanzibar tunaendesha kushoto, kwahiyo kushoto ndo kwenye njia ya miguu, ndo kwenye baiskeli, ndo kwenye kituo cha basi na watoto wa skuli.

Mwisho wakamtia kwenye gari, lakini njia ya ndani ya kituo hakuna gari nyengine, na mwalimu ana pedeli zake. Walimpa gari ya otomatiki kwa sababu mguu wa kushoto haukuwa na nguvu ya klachi. Mizunguko minne. Aliendesha kwa ulaini, anasimama pale pale kwenye mstari, nikaona fahari. Alizikumba koni mbili za kushoto na hakujua. Mwalimu alipomsimamisha akamshusha akamuonyesha, baba aliziinua mwenyewe akazisimamisha.

Sasa lawama. Moja ni lugha. Maelezo yote Kiingereza, na baba Kiingereza chake ni cha teksi, kinatosha kwa abiria, hakitoshi mtu akikusomea maelekezo marefu mara moja kwa haraka. Mwanzo walinikataza kutafsiri wakihofia nitamsaidia jawabu, nikawaambia mnapima macho au mnapima Kiingereza? Yule mama akafikiri akanikubalia nitafsiri maelekezo tu kabla saa haijaanza. Lakini kwenye fomu ya kuomba nafasi hakuna pahala pameuliza lugha, na mtu asiye na mtoto wa kumsemea atapata maksi mbovu kwa jambo lisilohusu ubongo wake. Mbili, ripoti ilichukua wiki tano. Wiki tano mzee amekaa nyumbani na ile karatasi kichwani. Tatu, hakuna mtu aliyetuambia kabla kwamba majibu unayapata palepale mbele ya mgonjwa, familia ijipange.

Ripoti yenyewe lakini, nasema haki, ni nzuri sana. Kurasa sita, imeandikwa kwa lugha ya kawaida, imesema asiendeshe kwa sasa, imesema kwanini, na imesema afanye nini nyumbani kisha arudi baada ya miezi sita. Hii ndo sehemu iliyonifanya niandike.

Walisema tuweke mstari mwekundu kushoto kwa kila anachotazama. Tukanunua tepu nyekundu. Ikawekwa ukingo wa kushoto wa meza ya chakula, ukingo wa gazeti, na kwenye marufaa ya msahafu upande wa kushoto, na sheria ni moja, humalizi mpaka uione tepu. Pilau halijakwisha mpaka uione tepu. Mstari haujakwisha mpaka uione tepu. Rimoti tukaihamishia kushoto kwake, glasi ya maji kushoto, sote tukawa tunakaa kushoto kwake tukiongea naye, mwanzo alikuwa anamjibu mtu mwengine aliyeko kulia, wajukuu wakadhani babu amewanunia. Tukitembea barabarani anazihesabu nguzo za taa za kushoto kwa sauti. Mama ndo aliyekuwa mkali kuliko sote, tangu alipojua kwamba pilau halikuwa na kosa.

Miezi sita tukarudi. Ile karatasi ya vitone aliacha mafungu matatu tu, na safari hii kalamu ilianzia kushoto. Vidole viwili pamoja alisema vyote, akakosa mara moja. Ubao wa taa kushoto akashuka mpaka kwenye sekunde moja na kitu. Breki 0.56, yaani ileile, mguu haukuwahi kuwa na habari na lolote. Mara hii wakamtoa barabara kuu saa nzima, mwalimu pembeni, yule mama nyuma, mimi hawakunichukua. Alirudi shati limelowa jasho. Mwalimu alisema hakuigusa breki yake hata mara moja, alimkumbusha kushoto mara mbili kwa mdomo, zote mbili alipokuwa anaongea naye na kuna gari zimeegeshwa.

Wakapendekeza gari ya otomatiki, mchana, njia anazozijua kwanza, hakuna mota-wei, zile njia pana za mwendo wa kasi, kwa sasa, na teksi aiache. Kuamua ni kazi ya DVLA, kituo kinashauri tu, hilo mlijue mapema msije mkafurahi kabla ya barua. Barua ilikuja: leseni ya mwaka mmoja, kisha atazamwe tena. Teksi aliilia kidogo. Gari ya gia tumeiuza tukanunua otomatiki kuukuu, na kwenye dashbodi upande wa kushoto kuna kipande cha tepu nyekundu.

Nakipa kituo nyota nne kwa tano. Ile moja naiondoa kwa lugha na usafiri, wakirekebisha hayo mawili naongeza.

Mkienda: leseni, miwani zote anazotumia, orodha ya dawa, barua ya hospitali. Ombeni nafasi ya asubuhi, mgonjwa wa kiharusi akichoka maksi zinaanguka, baba mwenyewe saa nane mchana si yule wa saa nne. Semeni lugha mapema kwa simu, mkisubiri fomu iwaulize haitawauliza. Na kabla ya yote hayo, kama mzee wenu anabakisha chakula, tazameni anabakisha upande gani. Mkimpa karatasi yenye mstari mmoja mrefu mkamwambia aweke alama katikati, na alama ikaangukia kulia sana, au akichora saa ya ukutani na namba zote zikajazana kulia, mwambieni daktari wiki hiyohiyo. Hivyo havitoshi kumkatia mtu leseni wala kumpa, lakini sisi vingetuokolea miezi mitatu ya kubishana juu ya mguu.